Tunaowalilia na Tusiowalilia: Filamu za Vita za Waitaliano na Sisi wa West Nile



Ukitaka kujua watu fulani wanajionaje, acha hotuba za viongozi wao na vitabu vyao vya shule. Tazama filamu zao za vita, uone wanamlilia nani. Machozi yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yakawa yamechagua.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu ya Waitaliano. Najua baadhi yenu mtauliza, Mwislamu wa Kuluva ana habari gani na sinema za Italia? Anazo. Katika mabanda ya video ya Arua na Koboko filamu zao zimepita tangu enzi za kanda, ingawa watazamaji walidhani ni za Wamarekani: Terence Hill na Bud Spencer, wale wawili wa kofia na makofi, ni Waitaliano waliojipa majina ya Kizungu cha Marekani ili wauzike. Mapadri Wakomboni, ambao misheni zao zimeenea West Nile nzima, asili ya shirika lao ni Italia. Na babu zetu walipigana nao. Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland walikuwa miongoni mwa waliopanda milima ya Uhabeshi kuwatoa Waitaliano, mpaka Gondar, ngome ya mwisho, ikasalimu amri mwezi wa Novemba. Kiswahili hiki ninachokiandika kilienea kwetu kwa sehemu kubwa kupitia jeshi hilo. Wako wazee ambao mpaka leo wakikisema unadhani wanakupigisha kwata.

Halafu kuna Simba wa Jangwani. Sidhani kuna mwanafunzi Mwislamu katika nchi hizi aliyemaliza chuo bila kuonyeshwa filamu hiyo angalau mara moja, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Mwongozaji wake ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, yuleyule aliyetengeneza filamu ya Risala juu ya mwanzo wa Uislamu. Ilitoka mwaka 1981. Anthony Quinn ni Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani aliyewapinga Waitaliano Libya kwa karibu miaka 20. Oliver Reed ni Jenerali Rodolfo Graziani. Rod Steiger ni Mussolini. Tunawaona watu wa Cyrenaica wakiswagwa kambini kama mifugo, na hilo halikubuniwa: kuanzia mwaka 1930 watu zaidi ya 100,000 walifungiwa katika kambi zile, na makumi ya maelfu hawakutoka hai. Tunamwona mzee akinyongwa Soluch mbele ya watu wake, tarehe 16 Septemba 1931. Kisha mtoto anaokota miwani yake. Hapo ukumbi mzima hunyamaza, na kaka mmoja wa safu ya nyuma hujifanya ana mafua.

Italia iliizuia filamu hiyo mwaka 1982, kwa hoja kwamba inavunja heshima ya jeshi la taifa. Haikuonyeshwa kwenye televisheni huko mpaka Juni 2009, Gaddafi alipoitembelea Roma akiwa amebandika picha ya Omar Mukhtar kifuani. Miaka 27, ndugu msomaji, kwa filamu moja. Nchi ambayo imeufundisha ulimwengu jinsi ya kupiga filamu ya vita yenye huruma haikuweza kuitazama hii.

Basi nikaanza kuzitafuta filamu zao wenyewe, nione wao walilia nini.

Lazima nikiri kwamba ni nzuri sana. Roberto Rossellini alianza kupiga Roma città aperta, yaani Roma Mji Huria, mwezi wa Januari 1945, miezi saba tu baada ya Wajerumani kuondoka mjini humo. Mitaa ni ileile, njaa ni ileile, filamu ya kutia kwenye kamera iliokotwa vipande vipande. Pina, mwanamke mjamzito anayeigizwa na Anna Magnani, anakimbilia lori lililombeba mchumba wake, na risasi inamwangusha barabarani mbele ya mwanawe. Padri Pietro anakalishwa kitini ili apigwe risasi kwa kosa la kuwasaidia wapiganaji. Sijapata kuona kifo cha padri kikinigusa hivyo, na msinielewe vibaya, ni kwa sababu haki inayodhulumiwa haina haja ya kuulizwa dini yake.

Lakini tazama kikosi kinachompiga risasi yule padri. Ni askari wa Kiitaliano. Wanapiga pembeni makusudi, hawataki kumuua mtu wa Mungu. Afisa wa Kijerumani ndiye anayesogea na bastola kummaliza. Katika picha ile moja umewekwa msingi wa filamu nyingi zilizofuata: mkono wa Mwitaliano ulitetemeka, mbaya alikuwa mwingine.

Na Graziani? Na gesi ya sumu iliyomwagwa juu ya Wahabeshi kuanzia mwishoni mwa mwaka 1935? Na mauaji ya Addis Ababa ya Februari 1937, ambapo kwa siku tatu maelfu ya raia waliuawa kwa kulipiza jaribio la kumuua Graziani? Hayo yalikuwa na umri wa miaka minane tu Rossellini alipoanza kupiga filamu yake. Isidhaniwe kwamba sinema ya Italia haikuijua Afrika. Iliijua vizuri. Mwaka 1936 kombe la Mussolini kwenye tamasha la Venice lilikwenda kwa Lo squadrone bianco, filamu ya kikosi cha ngamia kikiwafukuza "waasi" katika jangwa la Libya. Mwaka 1938 likaenda kwa Luciano Serra pilota, iliyosimamiwa na Vittorio Mussolini, mtoto wa mtawala, ambaye mwenyewe aliendesha ndege ya mabomu Uhabeshi na akaandika kitabu akisimulia raha ya kazi hiyo. Mmoja wa walioiandika filamu ile ni Roberto Rossellini. Naam, huyuhuyu. Na kati ya mwaka 1941 na 1943 aliongoza filamu tatu za kuwatukuza wanajeshi wa Mussolini kabla ya kutuliza na Pina. Afrika ilikuwemo katika sinema wakati wa kushangilia. Wakati wa kulia ulipofika, ikatolewa.

Nataka nikae kidogo kwenye filamu moja ambayo sisi Waislamu hatuipendi, na wengi hatujaiona. La Ciociara ya Vittorio De Sica, mwaka 1960, ndiyo iliyompa Sophia Loren tuzo ya Oscar. Mama na binti yake wa miaka kama 12 wanaikimbia Roma kwa ajili ya mabomu, wanajificha vijijini, na vita vinapokaribia kwisha wanarudi kwa miguu. Wanaingia kanisani kupumzika. Humo wanabakwa, mama na mtoto, na askari wa Morocco waliokuwa katika jeshi la Ufaransa. Hao askari hawana majina, hawana neno hata moja la maana la kusema. Wanatokea kama nzige, wanatoweka.

Nilipoiona mara ya kwanza, nafsi yangu ilitafuta mlango wa kutokea. Wazungu hawa, nikasema moyoni, hata kwenye huruma yao lazima watuchafue. Ila jambo lile lilitokea. Mwezi wa Mei 1944, baada ya mstari wa Monte Cassino kuvunjwa, wanawake wengi wa vijiji vya eneo lile walibakwa na askari wa Ufaransa kutoka Morocco, na majina ya askari hao yalikuwa kama yetu, Muhammad na Abdallah. Kwamba walikuwa wamechukuliwa na mkoloni ni kweli. Kwamba makamanda wao walikuwa Wafaransa ni kweli. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloufuta mkono uliomshika mtoto kanisani. Mama yule ana haki ya filamu yake, na Mwislamu anayeitazama hana ruhusa ya kugeuza uso. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kusimamia haki na kuwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Haikusema isipokuwa mbele ya Wazungu.

Wala historia ya Uislamu na Italia haitupi nafasi ya kukaa upande mmoja kwa raha. Mwezi wa Machi 1937, hata miaka sita haijatimia tangu Omar Mukhtar anyongwe, Mussolini alipanda farasi karibu na Tripoli akapokea upanga ulioitwa upanga wa Uislamu, na wapo Waislamu waliompigia makofi. Miezi miwili baadaye Graziani aliamuru watawa wa Debre Libanos huko Ethiopia wauawe, na jenerali wake akatumia askari Waislamu wa makoloni, kwa kuwa alihofia askari Wakristo wa Eritrea wangesita kuwapiga risasi watawa. Simba wa Jangwani haina nafasi ya habari hiyo. Siilaumu, filamu moja haiwezi kubeba kila kitu. Nasema tu kwamba haimo.

Filamu za siku za karibu nitazipita haraka, kwa sababu ukishaujua wimbo huhitaji beti zote. Mediterraneo ya mwaka 1991 nayo ilipata Oscar: askari wa Kiitaliano wanasahauliwa kwenye kisiwa cha Ugiriki, wanacheza mpira, wanapenda, wanapaka rangi kanisa. Wagiriki wa kijiji cha Domenikon, ambao wanaume wao waliuawa na jeshi la Italia Februari 1943, hawakupata filamu. La vita è bella ya Roberto Benigni, mwaka 1997, inamliza hata mwenye moyo wa jiwe, na inastahili. Uhabeshi umo ndani yake kama keki kubwa ya karamu inayoitwa ya Kihabeshi, yenye yai la mbuni juu. Tempo di uccidere ya mwaka 1989 angalau inakwenda Ethiopia yenyewe. Afisa anamuua mwanamke wa Kihabeshi mapema, halafu tunashughulika na dhamiri ya afisa mpaka mwisho. Mwaka 2023 tamasha la Venice lilifunguliwa kwa Comandante, kisa cha kweli cha nahodha wa nyambizi aliyezamisha meli ya Ubelgiji mwaka 1940 kisha akawaokoa mabaharia wake. Meli ile iliitwa Kabalo, jina la mji wa Kongo. Hivyo ndivyo Afrika inavyoingia: keki, maiti, jina la meli.

Serikali ya Italia ilikiri rasmi kutumia gesi ya sumu Ethiopia mwaka 1996, miaka 60 baadaye. Graziani alihukumiwa mwaka 1950, lakini kwa kushirikiana na Wajerumani tu, akatoka baada ya miezi michache. Mwaka 2012 wakajengewa watu wa Affile, mji alikolelewa, jengo la kumkumbuka kwa fedha za umma. Nadhani jengo lile lisingewezekana kama watoto wa Affile wangekuwa wamekua na filamu moja nzuri, moja tu, juu ya Addis Ababa.

Sasa mwaka 1966. Mwaka huo Waitaliano walitoa filamu mbili juu ya Afrika, na mtu akizitazama mfululizo hahitaji kozi ya maadili.

Ya kwanza ni Africa Addio ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Ndiyo ile yenye picha za Zanzibar ya Januari 1964 zilizopigwa kutoka angani: watu wamekusanywa, mistari ya watu kando ya bahari, maiti mchangani, makaburi ya pamoja. Mpaka leo Wazanzibari hubishana juu ya picha hizo. Wengine wanasema ndizo shahidi pekee wa jamaa zao. Wengine wanazikataa kwa sababu ya aliyezipiga. Wote wana hoja. Maana msimulizi wa filamu ile hawalilii Waarabu wa Zanzibar. Anawatumia. Anataka kumwonyesha Mzungu aliyekaa kitini kwamba, tazama, tumeondoka na sasa wanachinjana. Wanafunzi wa Kiafrika waliandamana kuipinga Berlin Magharibi mwaka huohuo, na Jacopetti alishtakiwa kwao kwamba mauaji aliyoyapiga Kongo yalifanywa kwa kufuata matakwa ya kamera. Mahakama ikamwachia huru. Hata bila kesi, jicho lake unalijua. Linaangalia kutoka juu na halina haraka ya kushuka.

Ya pili ni La battaglia di Algeri, Mapambano ya Algiers, ya Gillo Pontecorvo. Mtayarishaji wake, Saadi Yacef, alikuwa kiongozi wa wapiganaji wa Algiers, na ameigiza humo nafasi inayotokana na maisha yake mwenyewe. Yaani walioshinda, waliodhulumiwa kwa miaka 130, ndio waliotaka filamu hii ipigwe. Polisi wa Kifaransa wanatega bomu usiku katika mtaa wa Kasbah, na tunawaona wazee na watoto wakitolewa kwenye kifusi. Kisha wanawake watatu wa Kiislamu wanakata nywele, wanavaa kama Wafaransa, wanapita vizuizi na mabomu kwenye vikapu. Mmoja anaingia mkahawani. Na hapo kamera inafanya jambo ambalo Graziani hakulipata kutoka kwa Akkad, wala Wamorocco kutoka kwa De Sica. Inazunguka polepole juu ya nyuso za wale watakaokufa. Mtoto anakula aiskrimu. Yule dada anaziona nyuso hizo, anasukuma kikapu chini ya kiti kwa mguu, anaondoka. Muziki wa maombolezo uliopigwa juu ya maiti za Kasbah unapigwa uleule juu ya maiti za mkahawa.

Filamu hiyo haikusema pande mbili zilikuwa sawa. Ukitoka ukumbini hujachanganyikiwa kuhusu nani alikuwa mkoloni. Ila mtoto wa aiskrimu umemwona, na waliokuonyesha ni wale waliomuua.

Swali langu basi ni hili. Je, aliyedhulumiwa ana wajibu wa kutoa ushahidi juu ya dhulma iliyotoka upande wake? Na kama anao, autoe lini?

Kwetu swali hili lina tarehe. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali, wa jeshi la UNLA, waliingia katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kwa mapadri Wakomboni na kwa bendera ya Msalaba Mwekundu. Waliua makumi ya watu, wanawake na watoto wakiwemo. Mapadri wa Kiitaliano walikuwa pale pamoja na watu wetu, na kwa hilo sitaki mtu asome makala hii kama shutuma juu ya Waitaliano wote. Sehemu kubwa ya West Nile ilikuwa tayari imekimbilia Zaire na Sudan tangu Oktoba 1980. Kwetu Kuluva mpaka ni karibu, watu walitembea usiku. Kila nyumba ina habari yake, na sihitaji kuwasimulia ninyi mliokulia kwenye habari hizo.

Muhula uliopita, baada ya kuonyesha Simba wa Jangwani, jirani yangu wa bweni, kijana wa Lango, alinisubiri nje. Alikuwa ameitazama yote. Akasema, "Filamu nzuri, ndugu yangu. Sasa nani atatuonyesha Mutukula?" Hakusema kwa ukali. Babu yake alikuwa askari, alichukuliwa mwaka 1971, hakurudi.

Kwa msiojua: baada ya mapinduzi ya Januari 1971 askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kambini, Mbarara na Jinja na kwingineko, na mamia ya waliokuwa wamefungwa walipelekwa gereza la Mutukula, mpakani na Tanzania, wakauawa huko mwanzoni mwa mwaka 1972. Wachache walitoroka wakaeleza. Wengi wa waliotoa amri na wengi wa waliozitii walitoka kwetu, au walisema lugha zetu.

Najua jibu linalotujia haraka, kwa sababu nimelisikia barazani mara nyingi: aliye msibani hadaiwi. Muacheni alie kwanza. Lina utu ndani yake, na mwaka 1981 lilikuwa jibu sahihi. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumsimamisha mkimbizi njiani kuelekea Aru akamuuliza habari za Mutukula. Hata Rossellini wa 1945 namwelewa kwa njia hiyo.

Lakini je, dini yetu inasema hivyo kuhusu msiba? Nendeni kwenye janaza yoyote. Maiti iko mbele ya watu, wafiwa wanalia, na kabla ya swala mtu wa familia anasimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, tutalipa. Msingi wake tunaujua. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza akauliza kama marehemu ana deni, na akasita kumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kumbe deni hutajwa kwenye msiba wenyewe, tena machozi hayajakauka. Anayelitaja ni ndugu wa marehemu, hasukumwi na mtu. Mwenye kudai anangoja kwa adabu. Familia ikinyamaza ndipo anapopaswa kuja kubisha hodi mwenyewe. Simba wa Jangwani ilikuwa hodi ya namna hiyo, na Italia ilikaa kimya ndani kwa miaka 27. Jirani yangu alibisha kwa sauti ya chini zaidi.

Kuna pingamizi lenye uzito kuliko hilo la msiba, nami limenisumbua. Ukisema filamu ya Ombaci ianze mwaka 1971, si umempa muuaji wa Ombaci alichokitaka? Yeye naye alisema analipiza. Hapa tutenganishe sababu na udhuru. Kueleza kisasi kilitoka wapi si kukihalalisha, kama vile daktari akikuambia kipindupindu kimetoka kisima gani hajasema ulistahili kuugua. Mtoto aliyeuawa Ombaci hakuwa na deni na mtu. Uislamu haumtwishi mtu dhambi ya mwenzake, awe baba yake au wa kabila lake. Kwa kanuni hiyohiyo mauaji ya Ombaci yalikuwa uovu mtupu, na kwa kanuni hiyohiyo kijana wa Koboko wa leo hana hatia ya Mutukula. Wala haikuwa West Nile nzima iliyotawala. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliuawa mwaka 1974. Brigedia Charles Arube, mtu wa Koboko, alikufa mwaka huohuo katika jaribio la kumpindua Amin. Mkulima wa tumbaku wa Maracha hakugawiwa kitu.

Kwa hiyo ninachokiita deni hapa si hatia. Ni ushahidi. Hatia haihami kutoka mtu hadi mtu, lakini ushahidi unamkaa anayejua, na kuuficha ni dhambi inayojitegemea.

Wako watakaosema: tumeshachorwa vya kutosha. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ilimpa Forest Whitaker Oscar, na tangu hapo ukimwambia mgeni umetoka upande wa Koboko anakutazama meno. Kwa nini tuwaongezee? Nadhani mambo ni kinyume. Filamu ya zimwi hustawi pale wenyeji wanaponyamaza. Zimwi halina karani wala dereva, wala jirani aliyesikia lori usiku. Lilifanya yote peke yake, na sote tuliobaki tukawa watazamaji. Ni hadithi inayomfaa mgeni, na inatufaa sisi pia kuliko tunavyopenda kusema. Waitaliano walifanya hivyohivyo na afisa wa Kijerumani mwenye bastola.

Nimeiomba kamati ya utamaduni ya jumuiya yetu kwamba mwaka huu Simba wa Jangwani ifuatwe, wiki inayofuata, na Mapambano ya Algiers, na kwamba wenzetu wa Lango na Acholi waalikwe zote mbili. Kuna ndugu waliopinga, kwa sababu ya mavazi ya wale wanawake watatu, na mjadala bado unaendelea. Mambo ya filamu yetu wenyewe yako mbali. Hatuna kamera wala fedha za kiongozi yeyote, na ukikumbuka kwamba fedha zilizolipia Simba wa Jangwani zilitoka serikali ileile iliyowaleta askari wake kufia Lukaya Machi 1979 ili kumwokoa Amin, huenda kutokuwa nazo ni heri.

Lakini kinasa sauti simu zote zinacho. Kuluva kuna mzee mmoja aliyekuwa askari kambi ya Jinja miaka ile. Akisimulia jeshi, husimulia siku za mshahara na bendi, kisha huruka mpaka mwaka 1979, Watanzania wanapokuja na familia inavuka mpaka. Likizo iliyopita nilimuuliza juu ya hiyo miaka anayoiruka. Alikaa kimya kitambo, akauliza kama maneno yake yatasikilizwa na Waacholi. Nikamjibu, ndiyo, hao hasa. Akaniambia nirudi baada ya Ramadhani, nije na mtu mwingine wa kushuhudia, na nisije siku ya soko.